Edoardo Weber: Aliyejenga kiwanda kwa kupima tundu la petroli

UKIINUA boneti ya gari la zamani la Kiitaliano, liwe Fiat ndogo ya karani au Ferrari ya tajiri, upo uwezekano mkubwa wa kukuta jina moja kwenye chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Jina hilo ni Weber.

Mafundi wengi wanalijua kama jina la kabureta. Ni wachache wanaofahamu kwamba kabla ya kuwa jina la bidhaa lilikuwa jina la mtu, Edoardo Weber, aliyezaliwa mjini Turin, kaskazini mwa Italia, Novemba 29, 1889, na kutoweka mjini Bologna Mei 1945 akiwa na umri wa miaka 55.

Weber hakubuni kabureta. Chombo hicho kilikuwapo tangu siku za mwanzo za magari ya petroli, na viwanda vya nchi nyingine za Ulaya vilikuwa vikikitengeneza na kukiuza kabla yake. Alichofanya yeye ni kutambua kwamba kila injini ina kiasi chake cha mafuta, kulingana na ukubwa wake na kazi yake, na kwamba atakayeweza kukipima kiasi hicho kwa uhakika atakuwa na wateja wa daraja lolote.

Kwa kufuata wazo hilo alianza na karakana ya kubadilisha magari yatumie mafuta ya bei nafuu, na akaishia kuacha kiwanda ambacho bidhaa zake zilitumika kwenye magari madogo ya familia na kwenye magari yaliyotwaa ubingwa wa dunia.

Kutoka Turin hadi Bologna

Baba yake Weber alikuwa na asili ya Uswisi, na ndiyo sababu ya jina lake kuwa la Kijerumani ingawa alikulia Italia. Turin ya wakati huo ndiyo ilikuwa ikichipuka kuwa mji wa magari. Kampuni ya Fiat ilianzishwa hapo mwaka 1899, Weber akiwa na miaka tisa, na kijana yeyote wa mji huo aliyependa vyuma na mashine alijua mlango wa kubisha ni upi.

Weber naye aliubisha. Alifanya kazi Fiat mjini Turin, kisha akahamia Bologna, mji ulioko zaidi ya kilomita 300 upande wa mashariki, kufanya kazi kwenye tawi lililouza na kuhudumia magari ya kampuni hiyo.

Kuhama huko kulikuwa na maana kubwa katika maisha yake. Kiwandani fundi hukutana na gari likiwa jipya, halijapata vumbi. Kwenye karakana ya mauzo na matengenezo hukutana nalo limeshatumika, na hukutana pia na mwenye gari, ambaye analalamika kwamba gari halina nguvu mlimani, au linakunywa mafuta kupita kiasi.

Aidha, Weber mwenyewe alipenda mwendo na aliwahi kushiriki mashindano ya magari kama dereva. Kwa hiyo aliijua injini kwa upande wa fundi, wa mteja na wa mtu anayetaka kushinda.

Bei ya petroli ilipopanda

Vita Kuu ya Kwanza ilimalizika mwaka 1918 ikiiacha Italia na madeni, ukosefu wa kazi na upungufu wa bidhaa nyingi. Petroli ilikuwa ghali. Italia haikuwa na mafuta yake ya kutosha, hivyo karibu kila lita ilibidi inunuliwe nje.

Wenye malori waliumia zaidi. Mtu mwenye gari la matembezi anaweza kuliacha nyumbani, lakini lori lisipotembea halilipi.

Weber aliona hapo kuna biashara. Alitengeneza vifaa vya kubadilisha injini za petroli ili ziweze kutumia mafuta ya taa, ambayo yalikuwa ya bei ya chini. Mteja hakulazimika kununua lori jipya. Alileta alilo nalo, likafungwa vifaa, akaondoka.

Kazi hiyo si rahisi kama inavyosikika. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kama petroli. Yakiingia kwenye injini ya baridi yanafika yakiwa matone, hayaungui vizuri, na sehemu yake huteremka kwenye kuta za silinda na kuichafua oili. Ndiyo maana kwa kawaida injini za namna hiyo huwashwa kwa petroli kwanza, na zikishapata joto ndipo hubadilishiwa mafuta.

Wakulima wenye umri mkubwa wanaweza kuukumbuka utaratibu huo. Trekta za Fordson za mwanzo na baadhi ya Ferguson za kijivu za miaka ya 1940 na 1950 zilifanya kazi hivyo hivyo: petroli ya kuwashia, kisha mafuta mazito ya bei nafuu ya kulimia.

Kwa Weber, biashara ya mafuta ya taa ilikuwa shule. Ilimlazimu kujifunza kwa undani jinsi mafuta yanavyopita kwenye tundu, yanavyopasuka kuwa ukungu na yanavyokutana na hewa. Pia ilimwonyesha kwamba mtu aliyebanwa na bei yuko tayari kulipia kitu kidogo kitakachompunguzia gharama kila siku.

Mwaka 1923 alianzisha mjini Bologna kampuni aliyoiita Fabbrica Italiana Carburatori Weber, yaani Kiwanda cha Kiitaliano cha Kabureta cha Weber. Bidhaa zake za kwanza zilikuwa kabureta zilizouzwa pamoja na vifaa vya kuboresha magari ya Fiat.

Uamuzi wa kuanza na Fiat ulikuwa wa kibiashara. Ndiyo yaliyokuwa magari mengi zaidi barabarani nchini Italia, na ndiyo aliyoyajua kwa miaka yote aliyofanya kazi kwa kampuni hiyo.

Makoo mawili kwenye mwili mmoja

Ili kuelewa Weber alileta nini, ni vizuri kukumbuka jinsi kabureta inavyofanya kazi.

Pistoni inaposhuka huvuta hewa. Hewa hiyo hupita kwenye kabureta, mahali ambapo njia imebanwa kama koo la chupa. Hewa ikipita kwenye koo huongeza kasi, na msukumo wake hupungua. Kupungua huko ndiko kunakovuta petroli kutoka kwenye kibakuli chenye boya, ikatoka kama ukungu na kuchanganyika na hewa.

Hapo ndipo penye mgongano. Koo likiwa jembamba, hewa hupita kwa kasi hata injini ikizunguka taratibu, hivyo gari huondoka vizuri na halipotezi mafuta. Lakini mwendo ukipanda, koo hilo hubana pumzi, na injini hukosa nguvu. Koo likiwa pana, injini hupumua vizuri kwenye mwendo mkubwa, lakini kwenye mwendo mdogo hewa hupita kivivu, mafuta hayapasuki vizuri, na gari hujikwaa.

Watengenezaji wengi walichagua koo la katikati, lisiloridhisha upande wowote. Weber aliweka makoo mawili kwenye mwili mmoja: dogo la kutumika katika mwendo wa kawaida, na kubwa linalofunguka baadaye dereva anapokanyaga zaidi. Yeye ni miongoni mwa waanzilishi wa mtindo huo.

Kabureta za aina hiyo ziliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi. Fundi yeyote aliyewahi kufungua Ford Cortina ya lita mbili ya miaka ya 1970 atakuwa ameona Weber ya 32/36. Tarakimu hizo mbili ni vipenyo vya milango miwili ya kabureta hiyo kwa milimita, mdogo unaotangulia na mkubwa unaofuata.

Kila injini na kipimo chake

Hata hivyo, kilichoifanya Weber ipendwe na mafundi wa magari ya Kiitaliano ni jinsi inavyobadilishiwa vipimo kuliko umbo lake la nje.

Ndani ya kabureta hiyo kuna vipande vidogo vya shaba vinavyoitwa jeti, kila kimoja na tundu lililotobolewa kwa kipimo maalumu. Jeti kuu hupima petroli wakati gari linatembea. Ndogo nyingine hupima petroli injini ikinguruma gari likiwa limesimama. Ipo pia jeti ya hewa, na kijibomba chenye matundu ambamo hewa na petroli huanza kuchanganyika kabla ya kufika kooni.

Kila kipande kina namba. Jeti iliyogongwa 120 ina tundu la milimita 1.20, na ya 125 ina milimita 1.25. Tofauti kati yake ni sehemu tano tu za mia za milimita, ambayo ni ndogo kuliko unene wa kawaida wa unywele wa binadamu. Lakini ukipiga hesabu ya eneo la tundu, jeti ya pili inaizidi ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 8. Kwa injini, hiyo ni tofauti kubwa.

Koo nalo katika kabureta nyingi za Weber ni kipande kinachochomolewa na kubadilishwa. Kwa hiyo mwili mmoja wa kabureta unaweza kuhudumia injini za ukubwa tofauti, mradi fundi abadilishe koo na jeti.

Mfano mzuri unaonekana kwenye magari ya Alfa Romeo yaliyotoka miaka ya 1960, wakati Weber mwenyewe hayupo tena. Injini zake za silinda nne zilipewa kabureta mbili za Weber aina ya 40 DCOE, kila moja ikiwa na makoo mawili, ili kila silinda ipate koo lake. Namba 40 ni kipenyo cha mlango wa kabureta kwa milimita, na mlango huo haukubadilika kutoka injini moja hadi nyingine.

Kilichobadilika ni vilivyomo ndani. Injini ya cc 1,290, yenye takriban cc 322 kwa kila silinda, iliendana na koo la karibu milimita 28. Ile ya cc 1,570, yenye cc 392 kwa silinda, ilihitaji karibu milimita 30. Ile ya cc 1,779, yenye cc 445 kwa silinda, ilihitaji karibu milimita 32.

Mafundi wa kabureta hizi wana kanuni rahisi ya kuanzia: kipenyo cha koo kwa milimita huzidishwa kwa nne, na jibu ndilo namba ya jeti kuu. Koo la 30 linaanzia na jeti ya 120, na koo la 32 linaanzia karibu na 130. Kwa jeti ya hewa huongezwa kama 50 juu ya namba hiyo.

Kanuni hiyo ni ya kuanzia tu. Baada ya hapo fundi huendesha gari, husikiliza, kisha hufungua plagi na kuangalia rangi yake. Plagi nyeusi yenye masizi inasema petroli ni nyingi. Plagi nyeupe inasema petroli ni chache na injini inaunguza. Rangi ya kahawia isiyokolea ndiyo inayotakiwa.

Kosa la upande wowote lina gharama. Petroli ikizidi, gari hutoa moshi mweusi, mfuko wa mwenye gari huvuja, na mafuta yasiyoungua huiosha oili kwenye kuta za silinda hadi zikalika mapema. Petroli ikipungua, injini huchemka, hupiga mikohoro kupitia kabureta, na mwisho pistoni inaweza kutoboka.

Kwa petroli ya kawaida, kipimo ambacho hewa yote na mafuta yote huisha pamoja ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Injini inapotakiwa kutoa nguvu zote hupewa petroli zaidi kidogo ya hapo.

Mwinuko wa nchi nao huingia kwenye hesabu. Barabara ya kutoka Bologna kwenda Florence hupanda milima ya Apennini na kupita Futa, zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya bondeni. Hewa ikiwa nyepesi, jeti ile ile hutoa petroli nyingi kupita mahitaji. Kwa sababu hiyo hiyo, kabureta iliyopimwa vizuri Mombasa huwa na petroli iliyozidi ikifika Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, ambako hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15.

Wakubwa wa mashindano wabisha hodi

Bologna ilimpa Weber majirani wazuri. Ndugu wa familia ya Maserati walikuwa wameanzisha karakana yao katika mji huo huo mwaka 1914, na kilomita zisizozidi 50 kutoka hapo, mjini Modena, Enzo Ferrari alianzisha mwaka 1929 timu iliyoendesha magari ya mashindano ya Alfa Romeo.

Katika miaka ya 1930 Weber alianza kutengeneza kabureta za makoo mawili yaliyo sawa kwa ajili ya mashindano. Tofauti na zile za barabarani, hapa koo moja halikumsubiri mwenzake. Yote mawili yalifunguka pamoja, kila moja likilisha upande wake wa injini.

Maserati na Alfa Romeo zilizitumia. Alfa Romeo 8C 2900 ya mwisho wa miaka ya 1930, yenye injini ya cc 2,905, ilikuwa na mashine mbili za kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, nazo zililishwa na kabureta mbili za Weber. Gari la aina hiyo lilishinda mashindano maarufu ya Mille Miglia mwaka 1938.

Magari ya mashindano yalimpa Weber kazi ngumu kuliko malori. Baadhi yalitumia mchanganyiko wenye kileo cha methanoli, ambacho kwa kiasi kile kile cha hewa huhitajika zaidi ya mara mbili ya uzito wa petroli. Jeti za gari la kawaida zisingefaa hata kidogo. Ilibidi matundu yawe makubwa zaidi na njia zote za mafuta zipanuliwe.

Kwa upande wa biashara, mashindano hayakuwa na wateja wengi. Lakini kila ushindi ulikuwa tangazo, na mafunzo yaliyopatikana kwenye injini ya mashindano yaliweza kurudi kwenye bidhaa za kawaida.

Kutoweka kwa Weber

Vita Kuu ya Pili ilipoikumba Italia, Bologna iliteseka sana. Ni makutano makubwa ya reli, na kwa hiyo ilipigwa mabomu mara nyingi kuanzia mwaka 1943. Baada ya serikali ya Italia kutia saini kusitisha mapigano Septemba mwaka huo, majeshi ya Ujerumani yaliikalia sehemu ya kaskazini ya nchi, na Wataliano wenyewe wakagawanyika kati ya wafuasi wa ufashisti na wapiganaji wa msituni.

Mwenye kiwanda katika mazingira hayo hakuwa na nafasi salama. Akizalisha, anaonekana anamsaidia adui. Akisimama, wafanyakazi wanakosa mkate na mitambo inaweza kuchukuliwa.

Mji ulikombolewa Aprili 21, 1945. Wiki zilizofuata, katika mkoa wote wa Emilia, palikuwa na wimbi la kulipiza kisasi dhidi ya watu walioshutumiwa kushirikiana na mafashisti. Baadhi walikuwa na makosa, wengine waliponzwa na mali au cheo. Wenye viwanda na wenye mashamba walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa.

Edoardo Weber alichukuliwa Mei 17, 1945, siku chache baada ya vita kumalizika Ulaya. Hakufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Hakurudi nyumbani, na mwili wake haukupatikana kamwe.

Hivyo mtu aliyejenga biashara yake juu ya vipimo hakupata hata tarehe ya uhakika ya kifo. Familia haikuwa na kaburi la kwenda, na kiwanda kilibaki bila mwanzilishi wake wakati nchi nzima ikihitaji kuanza upya.

Jina lililobaki

Kiwanda hakikufa. Kilikuwa na michoro, mafundi waliofundishwa, na wateja waliokijua.

Mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya Weber kutoweka, Enzo Ferrari alitoa gari la kwanza lenye jina lake, Ferrari 125 S. Injini yake ilikuwa na silinda 12 na jumla ya cc 1,497, yaani karibu cc 125 kwa silinda, na hapo ndipo jina la gari lilipotoka. Ililishwa na kabureta tatu za Weber zenye makoo mawili kila moja, hivyo kila koo lilihudumia silinda mbili.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1962, Ferrari 250 GTO ilitoka na injini ya cc 2,953, au karibu cc 246 kwa silinda. Safari hii ilikuwa na kabureta sita za Weber, koo moja kwa kila silinda, na nguvu za farasi takriban 300.

Alfa Romeo nayo ilitwaa ubingwa wa dunia wa madereva mwaka 1950 kupitia Giuseppe Farina na mwaka 1951 kupitia Juan Manuel Fangio, kwa magari yenye injini ndogo za chini ya lita moja na nusu yaliyotumia kabureta ya Weber yenye makoo matatu. Lamborghini Miura ya mwaka 1966, yenye injini ya karibu lita nne, ilikuwa na kabureta nne za Weber za makoo matatu matatu, koo moja kwa kila silinda kati ya 12.

Upande wa pili wa soko, Fiat 500 iliyozinduliwa mwaka 1957, gari dogo lililowatoa Wataliano wengi kwenye pikipiki, ilikuwa na silinda mbili na kabureta moja tu ya Weber.

Mwaka 1952 Fiat ilichukua udhibiti wa kampuni hiyo. Kwa maana hiyo, mwajiri wa zamani wa Weber ndiye aliyekuja kummiliki mtoto wake. Mwaka 1986 Fiat iliichukua pia Solex, mshindani wa Kifaransa, na biashara hizo mbili zikaunganishwa.

Wakati huo zama za kabureta kwenye magari mapya zilikuwa zikielekea ukingoni. Sheria za moshi na mifumo ya kupuliza mafuta kwa umeme zilichukua nafasi yake, kwa sababu kompyuta ndogo ya gari inaweza kupima upya mafuta mara nyingi kwa sekunde bila mtu kufungua chochote. Utengenezaji mjini Bologna uliendelea hadi mwaka 1992, kisha ukahamishiwa Hispania kwa ajili ya soko la vipuri na magari ya zamani.

Mjasiriamali ajifunze nini

Somo la kwanza ni kwamba Weber hakuanza kwa kuwauzia matajiri mwendo kasi. Alianza kwa kuwauzia wenye malori nafuu ya mafuta. Umaarufu wa mashindano ulikuja baadaye, ukiwa umejengwa juu ya kazi ya kawaida iliyoleta fedha.

La pili ni bidhaa inayobadilika bila kutengenezwa upya. Mwili mmoja wa kabureta, ukibadilishwa vipande vichache vya shaba, uliweza kwenda kwenye injini tatu tofauti. Kiwanda hupunguza gharama, duka halihitaji rafu kubwa, na mteja anayebadilisha injini hatupi kabureta yake.

La tatu ni la tahadhari. Kiwanda kilinusurika kwa sababu ujuzi haukuwa kichwani mwa mtu mmoja. Biashara nyingi za familia hufa pamoja na mwanzilishi kwa kuwa vipimo, majina ya wateja na siri za kazi havikuandikwa popote.

Kwa mkulima mwenye pampu ya petroli ya kumwagilia, au mwenye pikipiki ya kubeba abiria, habari ya jeti si ya magari ya kifahari peke yake. Pampu nyingi hizo na pikipiki nyingi zina kabureta yenye jeti iliyopimwa kulingana na cc za injini. Kufunga jeti ya injini kubwa kwenye injini ndogo ili kuipa nguvu ni kununua moshi. Kufunga ndogo kwenye kubwa ili kubana matumizi ni kuiunguza.

Kosa jingine linaloonekana kwenye karakana nyingi ni kuzibua jeti kwa waya au sindano. Tundu la shaba ni laini, na likipanuka hata kidogo kipimo kimepotea, huku namba iliyogongwa ikiendelea kusema uongo. Jeti iliyoziba isafishwe kwa petroli na kupulizwa kwa upepo wa kompresa. Ikishindikana, inunuliwe mpya yenye namba ile ile, kwani bei yake ni ndogo ukilinganisha na pistoni.